Kigingi Kidogo, Njia Ndefu: Jinsi Kijiti cha Mti Kinavyoshika Mlango Kuliko Msumari

Swali la leo ni dogo, lakini usilidharau: kwa nini fundi atoboe mbao mbili ngumu, kisha apigilie kijiti cha mti ndani yake, wakati misumari ipo dukani? Na akishakipigilia, kwa nini achague kijiti cha rangi tofauti kabisa, cheusi juu ya mbao nyekundu, kana kwamba anataka kila mtu akione?

Tutalijibu tukiwa Tabora, na kuna sababu. Tabora iko katikati ya misitu ya miombo, nyumbani kwa mninga. Pia ni mji uliozaliwa na njia ya misafara, ambako fundi wa pwani aliyezoea kuunga mbao alikutana na mchongaji wa bara aliyezoea kutounga kitu. Ukitaka kuelewa kigingi, pa kuanzia ni hapo.

Mji wa njia panda

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya siku 130 barabarani! Waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wamekwisha kujenga nyumba zao huko. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji na ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Kila kitu kilichopita kwenye njia hiyo kilipita juu ya bega au kichwa cha mtu. Punda walijaribiwa, lakini mbung'o na maradhi yakawapunguza. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Kutoka pwani walipandisha vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba, na kwenda pwani waliteremsha pembe za ndovu. Na tusifiche: njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na wengi wao hawakurudi.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya tajiri wa Tabora anayetaka mlango mzuri. Misumari iletwe kutoka pwani? Kila frasila ya misumari inachukua nafasi ya frasila ya kitambaa, na kitambaa ndicho kinachonunua chakula na kulipa hongo njiani. Utasema: si chuma kilikuwepo huko huko bara? Kweli kabisa. Wahunzi wa Unyamwezi na Usumbwa walifua majembe yaliyosifika, na majembe hayo yalibebwa hadi Ugogo yakawa kama fedha. Lakini hapo ndipo hesabu inaponoga. Kilo ya chuma iliyogeuzwa misumari ni kilo ambayo haikugeuzwa jembe. Jembe linalisha nyumba. Msumari unaweza kubadilishwa na kijiti kilichookotwa msituni bure.

Basi uchumi unaeleza nusu ya jambo. Nusu ya pili iko ndani ya mbao yenyewe.

Mbao haijafa

Tunasema mti ukishakatwa umekufa. Kwa fundi, hapana. Mbao hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Inaponywa, inavimba. Inapokauka, inasinyaa. Tabora ina mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Kwa hiyo mlango wa Tabora unapumua pumzi moja kubwa kila mwaka.

Lakini haupumui sawa pande zote. Fikiria mti kama fungu la mirija myembamba iliyosimama. Mirija hiyo ikilowa, inanenepa, haiongezeki urefu. Ndiyo maana mbao ikitoka ubichi hadi ukavu kabisa, urefu wake hupungua kwa sehemu ndogo mno, kama asilimia 0.1 tu. Upana nao unaweza kupungua kwa asilimia kadhaa. Zaidi ya hapo, upande unaofuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya upande unaotoka moyoni kwenda kwenye gome.

Tuseme una ubao wa upana wa milimita 200, nao unabadilika kwa asilimia 2 kati ya masika na kiangazi. Hiyo ni milimita 4. Ukiubana ubao huo kwa misumari minne kwenye pembe, ile milimita 4 itakwenda wapi? Haina pa kwenda. Ama ubao utapasuka, ama misumari italegea. Wengi wetu tumeshasikia ubao ukitoa mlio wa "ta!" usiku wa kiangazi. Sasa unajua ni nini.

Msumari wenyewe haubadiliki. Msumari wa unene wa milimita 10, joto likipanda kwa nyuzi 20, unanenepa kwa kama milimita 0.002 tu. Yaani umeweka kitu kisichocheza ndani ya kitu kinachocheza kila mwaka. Kila msimu tundu linatanuka kidogo, na kila msimu msumari unabaki ulivyo. Baada ya miaka, unauchomoa kwa vidole.

Kigingi cha mti nacho kinavimba na kusinyaa, kwa hiyo kinacheza ngoma ile ile na mbao iliyokishika. Fundi mjanja huongeza jambo moja: anakausha kigingi zaidi ya fremu. Akikipigilia kikavu kabisa ndani ya mbao yenye unyevu kidogo, kigingi kinanyonya unyevu na kunenepa, huku fremu ikikauka na kukibana. Hakuna gundi, hakuna chuma, na kiungo kinazidi kukaza badala ya kulegea.

Kuna sababu ya kemia pia. Kata mninga mbichi uone: unatoa utomvu mwekundu kama damu. Utomvu huo umejaa tanini, na tanini ikikutana na chuma mahali penye unyevu, huzaa weusi. Ni kemia ile ile ya wino wa kale uliotengenezwa kwa chuma na tanini za miti. Kwa hiyo msumari wa chuma uliopata maji ndani ya mbao yenye tanini huacha doa jeusi linalosambaa, huku msumari wenyewe ukiliwa na kutu. Kigingi hakina kutu.

Mafundi wawili, jawabu mbili

Wazo la kuunga kwa vijiti lilikuwa la kale sana pwani. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja mitumbwi ya kushonwa huko Rhapta, kwenye pwani yetu hii. Mtepe, jahazi la Waswahili lililodumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulifuata njia hiyo: mbao zilishonwa kwa kamba za usumba na kushikizwa kwa vijiti vya mti kati ya ubao na ubao. Ulipogonga mwamba, ulikubali kupinda kabla ya kuvunjika.

Mlango wa pwani ni ndugu wa jahazi hilo. Miimo miwili inasimama, kizingiti kinakaa juu na kingine chini. Ncha ya kipande kimoja inachongwa kama ulimi, kipande kingine kinatobolewa tundu la kuupokea, kisha kigingi kinapita katikati ya vyote viwili. Hata bawaba hakuna. Kila ubao wa mlango una ncha ya mti inayotokeza juu na chini, nazo zinazunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Ukifikiria vizuri, hicho nacho ni kigingi, ila kimepewa ruhusa ya kuzunguka.

Milango ya mtindo huu ilifika bara pamoja na wafanyabiashara. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, utalikuta tembe lililo makumbusho ya Livingstone. Yeye na Stanley walifika hapo Februari 1872. Stanley aliondoka Machi, na Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi na mizigo. Tembe ni ujenzi wa bara ya kati: kuta za udongo, paa bapa. Lakini mlango wake wa kuchongwa unazungumza lugha ya Unguja na Bagamoyo. Nyumba ya bara, mdomo wa pwani.

Je, Wanyamwezi walikuwa wakisubiri kufundishwa? Hata kidogo. Walikuwa na jawabu lao. Kuna kiti cha enzi cha Kinyamwezi chenye egemeo refu na umbo la mtu mgongoni, kilichochukuliwa na Wajerumani kutoka kwa mtawala wa kike wa Buruku mwishoni mwa karne ya 19; leo kiko kwenye makumbusho ya Berlin. Kimechongwa kutoka gogo moja. Miguu, kikalio na egemeo ni mti mmoja. Hakina kiungo, kwa hiyo hakina cha kulegea. Bei yake ni nyingine: gogo zima linaposinyaa, ule upande wa mzunguko unavuta kuliko upande wa moyoni, na nyufa zinatishia. Fundi wa gogo moja lazima ajue mti gani, ukaushwe vipi, na achonge pole pole.

Na vijiti navyo havikuwa vigeni. Misitu ya Tabora ni misitu ya asali. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuchuna gome la mti wa miombo kama bomba; ukishapasuliwa ili utoke, kingo zake huunganishwa tena kwa vijiti vilivyochongoka. Mfugaji nyuki wa zamani alishajua kwamba kijiti kikavu kwenye gome bichi hakitoki.

Kwa hiyo tusimulie historia hii kwa haki. Ufundi haukupanda mlima kutoka pwani kumkuta mtu mikono mitupu. Walikutana mafundi wawili, kila mmoja na jawabu lake kwa tatizo lile lile la mbao kupumua.

Faida moja kubwa ya kiungo, hata hivyo, ililingana sana na njia ya misafara: kinafunguka. Kitu cha vipande kinaweza kubebwa vipande vipande. Stanley alilijua hilo mwaka 1874, alipobeba mashua yake Lady Alice kutoka Bagamoyo hadi Nyanza ikiwa imekatwa sehemu sehemu juu ya mabega ya watu. Kitanda cha Kiswahili nacho kiko hivyo: matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili, na kamba. Kikomboe, kibebe, kiunge tena. Jaribu kufanya hivyo na kitanda kilichopigwa misumari uone kitakachobaki.

Kwa nini rangi tofauti?

Sasa tuje kwenye urembo. Kigingi kinaweza kufichwa kwa kutumia mti ule ule. Lakini mafundi wengi duniani wameamua kukionyesha, na pwani yetu ina utamaduni mrefu wa kuonyesha. Neno lipo: njumu. Kutia njumu ni kupachika kitu cha rangi nyingine ndani ya mti au chuma, mpaka uso uwe laini na rangi mbili zisemezane. Kiti cha enzi cha Lamu na Unguja ndio mfano wake bora: mti mweusi, na vipande vyeupe vya mfupa au pembe vimepachikwa juu yake.

Pembe hizo zilitoka wapi? Nyingi zilizofika soko la Unguja zilipita Tabora. Na kiti ni sehemu ndogo tu ya habari. Sehemu kubwa ya pembe za Afrika Mashariki ilisafirishwa Bombay, Ulaya na Marekani. Huko Connecticut kulikuwa na mji uliopewa jina kabisa la Ivoryton, kwa sababu viwanda vyake vilikata pembe kuwa vibao vya piano. Vibao vyeupe vya pembe, vibao vyeusi vya abanusi. Ukiisikia piano ya karne ya 19, kumbuka kwamba weupe ule huenda ulipandishwa na kuteremshwa vilima na mpagazi wa Kinyamwezi. Mvutio wa nyeusi na nyeupe uligharimu ndovu na watu.

Leo fundi hahitaji pembe, na sheria haimruhusu. Anao mninga na mpingo. Mninga ni wa kahawia yenye dhahabu au wekundu, uzito wake kama kilo 600 hadi 700 kwa mita moja ya ujazo, na sifa yake kuu ni kwamba hausinyai sana. Mpingo una moyo mweusi wenye zambarau ndani ya ukingo mwembamba wa manjano, na uzito wake unafika kilo 1,200 kwa mita ya ujazo. Maji ni 1,000, kwa hiyo mpingo unazama. Ndio mti wa vinyago vya Wamakonde, na ndio unaotengenezwa klarineti na obo za wanamuziki wa Ulaya. Weka kigingi cha mpingo cha milimita 10 ndani ya tendegu la mninga: utaona jicho jeusi likikutazama.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Hatua ni chache, ila kila moja ina sababu.

Kwanza, pasua, usikate kwa msumeno. Kijiti kilichopasuliwa kwa patasi au panga kinafuata nyuzi za mti kutoka ncha hadi ncha. Kilichokatwa kwa msumeno kinaweza kukatiza nyuzi, na kitavunjikia hapo hapo ukikipiga nyundo.

Pili, kikaushe. Juani siku kadhaa, au juu ya meko. Umeshajua kwa nini.

Tatu, kipitishe kwenye chuma. Chukua kipande cha chuma kinene, toboa matundu matatu, kila moja dogo kidogo kuliko lililotangulia. Gonga kijiti kipite tundu kubwa, kisha la kati, kisha dogo. Kinatoka cha duara na chenye unene sawa. Chonga ncha yake iwe nyembamba kidogo ili iingie bila kurarua.

Nne, tundu la ulimi lisilingane kabisa na tundu la fremu. Lisogeze kama milimita moja kuelekea kwenye bega la ulimi, pale mbao mbili zinapokutana. Kigingi kikipita kinalazimika kupinda kidogo, na katika kujinyoosha kinavuta mbao mbili pamoja. Hii ni kamba isiyo na kamba. Angalizo: mpingo ni mgumu na haupendi kupinda, kwa hiyo kwa ujanja huu tumia mti wenye nyuzi ndefu na unyumbufu, kisha weka kizibo cha mpingo juu kwa ajili ya sura.

Tano, gundi. Mpingo una mafuta yake ya asili yanayokataa gundi. Ufute kwa spiriti dakika chache kabla ya kupaka. Na uvae barakoa unapopiga msasa, kwani vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Kizibo cha kweli na kizibo cha sura

Hapo nimetaja kizibo, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kufungua macho. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914. Kutoka hapo chuma hakikubebwa tena begani. Misumari na skrubu zikawa rahisi, na kigingi kikaanza kustaafu. Siku hizi ukiona jicho jeusi kwenye kitanda, mara nyingi chini yake kuna skrubu, na kizibo ni kofia tu. Hilo si kosa. Skrubu nzuri inafanya kazi. Tatizo ni pale kizibo kinapouzwa kwa bei ya kigingi.

Namna ya kujua ni rahisi. Zunguka nyuma ya fremu: kigingi cha kweli aghalabu kinatokea upande wa pili. Tazama uso wake. Kigingi kinaonyesha kichwa cha mti, vitundu vidogo vidogo vya ile mirija. Kizibo kilichokatwa kutoka ubavuni mwa ubao kinaonyesha mistari ya nyuzi. Pitisha kidole: kigingi cha zamani mara nyingi kimetokeza kama unywele mmoja, kwa sababu fremu imesinyaa upande wa unene na kigingi hakikupungua urefu. Kile kiuvimbe kidogo ni fizikia yote ya makala hii chini ya kidole chako.

Kwa nini tujali? Kwa sababu ya msitu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na mninga nao ni wa miongo mingi. Tangu 2017 jamii yote ya mpingo iko chini ya udhibiti wa biashara wa mkataba wa CITES, na mkutano wa mkataba huo wa Novemba 2022 ukaongeza jamii ya mninga ya Afrika. Kitanda cha mninga kinacholegea baada ya miaka mitano kimekula mti wa vizazi viwili. Kile kinachoweza kugongwa vigingi vikatoka, kikatengenezwa ulimi, kikaungwa upya, kinaupa mti muda wa kuota mwingine.

Na kigingi chenyewe hakihitaji gogo. Kinatoka kwenye tawi, kwenye masalia ya karakana, kwenye kile kipande ambacho kingeishia jikoni. Kwa hiyo ukienda kuagiza kitanda, iwe Tabora au Gongo la Mboto, usiulize bei peke yake. Muulize fundi: "Hiki kikilegea, nitakifunguaje?" Akianza kukueleza kuhusu ulimi, tundu na vigingi, vuta kiti ukae.